Kipande cha Mwisho

Mimi njo ule mwanamke. Ule ule wa kuku na vifaranga, musijifanye hamunijui, kwa sababu tangu ile siku siwezi kupita soko la komine yetu hapa Kindu bila muuza majani ya pondu mumoja kuniita kutoka mbali, "Mama Kipande cha Mwisho! Karibu!", halafu wote wanaanguka kucheka na mimi nacheka nao, ningefanya nini, aibu ikishakuwa mali ya watu wote haifichiki tena uvunguni. Lakini najua habari hii inawafikia vipande vipande, huyu anaongeza chumvi, yule anakata mukia, basi leo acha niieleze mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, bila kujipaka mafuta.

Bwana yangu, Baba Hamisi, ni burgumesta, mukubwa wa komine yetu nzima. Sasa muntu akiwa burgumesta, muke wake naye anapanda cheo bila kuchaguliwa na muntu, na mimi kile cheo kilinipanda kichwani, au niseme kweli, kilipanda mupaka juu ya kilemba. Kila sherehe nilitaka watu warudi kwao wakizungumza nguo yangu. Na walizungumza! Siku ya kupokea askofu nilivaa robe nyeupe ya dantela yenye mukia mrefu unaoburuta, ukafagia vumbi la avenue nzima, nikafika mbele ya kanisa (mimi Muislamu, mugeni wa heshima) nikiwa na rangi ya matofali. Sikukuu ya wanawake tulivuka Lualaba kwenda kusalimia wamama wa ng'ambo, nikavaa viatu vya kisigino chembamba kama musumari, kisigino kikaingia katikati ya mbao za gati kikakataa kutoka, nikakiacha kiatu pale pale na nikapokea maua nikiwa na kiatu kimoja, mguu wa pili natembea kwa ncha ya vidole ili niwe sawa pande zote. Ile siku Baba Hamisi aliniuliza kwa upole, "Mama Hamisi, haiwezekani hata mara moja uvae kama wengine?"

Nikamujibu kwamba wengine si wake wa burgumesta. (Munaona muntu mwenyewe alivyokuwa.)

Basi ikaja siku ya kufungua soko jipya. Hili soko Baba Hamisi alilihangaikia miaka, bati mupya, meza za simenti, bomba la maji, na gavana mwenyewe alikuwa anakuja kukata utepe. Shida ilikuwa moja tu: wamama wauzaji walikataa kuingia. Walibaki nje, chini, kando ya barabara, na mihogo yao na samaki wao, na ukiwauliza sababu wanajibu, "Burgumesta anatufungulia mulango wa soko, lakini mulango wa matanga ya mama yetu hakuupita." Baba Hamisi alikuwa halali vizuri. Gavana akifika akute soko tupu na wamama wote wako nje wamemupa mugongo, bwana yangu alikuwa amekwisha, na maadui zake walikuwa wameanza kujipima kiti chake kwa macho.

Na kosa la yale matanga, kusema haki, lilikuwa langu mimi.

Yule mama yao aliyekufa, prezidenti wa wamama wa soko, alikuwa Ngalula, na kwenu lile ni jina tu, lakini kwangu Ngalula alikuwa nusu ya maisha. Miaka ya vita tulikuwa majirani katika kambi ya reli, bwana yake fundi wa mashine, wangu mwandishi wa ofisi, watu wa Kasai na sisi watoto wa Kindu ukuta kwa ukuta. Treni ilikuwa imesimama, bato za mutoni hazifiki, chumvi inakuja kwa baiskeli kutoka Kampene, nayo ikifika inauzwa kwa kijiko. Wenye bunduki wakapita mara ya kwanza, wakapita mara ya pili, mara ya tatu hawakuacha hata sufuria, na ya nguo musiulize. Katika nyumba zetu mbili, wamama wawili, kikabaki kikwembe kimoja, kitenge cha kuonekana nacho mbele za watu, cha kijani, maua yake yamechakaa mupaka huwezi kujua ni maua ama ni madoa. Kimoja! Basi tukavaa kwa zamu. Leo Ngalula anavaa anakwenda sokoni na mihogo yetu wote wawili, mimi nabaki ndani nimejifunga gunia, nalinda watoto wake na wangu, kesho mimi navaa, yeye anabaki na gunia. Yeye alikuwa munene na mimi mwembamba, siku zake kinamufika kwa taabu, siku zangu kinanizunguka mara mbili. Na kila asubuhi anagonga ukuta, "Zaina! Leo zamu ya nani?" Mimi nilikuwa mwongo, najibu "Yangu!" hata kama ya jana ilikuwa yangu vilevile, maana kukaa ndani na gunia kunawasha vibaya, na yeye anajua, anacheka kicheko chake kile cha tumboni, na ananiachia.

Halafu vita vikaisha, tukapata nguo. Bwana yangu akapanda cheo, tukahama kambi. Mwanzoni nilikuwa namutembelea kila juma, baadaye kila mwezi, baadaye nampungia mukono nikiwa ndani ya gari. Alipokufa nilikuwa Kisangani na Baba Hamisi kwa kazi za serikali, kurudi tunakuta wameshazika. Kile kilichotakiwa kila muntu anakijua, hata mutoto: unatoa viatu, unaingia, unakaa kwenye mukeka na wafiwa, unalia. Mimi nikajisikia haya kwa kuchelewa, nikasema nitaenda kesho, kesho ikazaa kesho, mwisho nikatuma dereva na gunia la muchele. Gunia, jamani! Kwa Ngalula! Likarudi vilevile limefungwa, juu ya bega la dereva, na neno juu yake: "Mwambie Mama Burgumesta muchele tuko nao. Mukeka njo unamungojea."

Sasa muntu mwenye akili angekimbia kwenda kukaa kwenye ule mukeka. Mimi nikakasirika. Haya ikikaa sana inageuka kuwa hasira, na mimi hasira yangu niliipeleka kwenye nguo.

Wake wa wakubwa walikuwa wamechagua kikwembe kimoja kwa wote kwa siku ya soko, cha manjano chenye picha za miavuli, na aliyekichagua alikuwa Mama Odile, muke wa sekretere wa komine, ambaye ananichekea kwa meno tu. Nikasema mimi, nivae miavuli ya Odile? Nipangwe katika mustari kama chupa za bia? Nikaenda kwa siri kwa Papa Ramazani, muuza vikwembe. Nikapekua, nikapekua, mupaka nikakiona nyuma kabisa, kimekunjwa peke yake ndani ya karatasi: buluu ya giza, na juu yake kuku wa dhahabu wametandaza mabawa, na vifaranga chini ya mabawa. Mama yangu! Moyo ulinipasuka.

"Hiki," nikasema.

Papa Ramazani akaniangalia, akatabasamu. "Kumbe umekuja, Mama Zaina. Hiki njo kipande cha mwisho. Vingine vyote vilichukuliwa na jamaa moja, siku moja. Na hiki..."

Hapo sasa. Hapo njo pale pa kushika sikio langu na kulivuta. Muntu yeyote wa Kindu akisikia jamaa moja imebeba vipande vyote siku moja, anauliza: jamaa gani, kuna harusi, kuna musiba? Ni kitu cha kwanza! Maana wakishavaa wote nguo moja, mwenye kuivaa njo ndugu yao, hakuna mujadala. Na mimi nilifungua kinywa kuuliza, naapa, kinywa kilikuwa wazi, lakini macho yangu yakaona mulangoni nani? Mama Odile, anaingia na miavuli yake. Nikasukuma kikwembe ndani ya mufuko, nikanong'ona "Papa, usiseme kwa muntu," nikatafuta pesa, yeye akakataa kwa mukono kwamba hapana, chukua. Nikapokea bila wasiwasi, nikajua ile njo heshima ya cheo. Nikatoka kwa mulango wa nyuma na nyuma yangu namusikia, "Mama, ngoja kwanza, siku yenyewe..." Siku yenyewe naijua, nikasema moyoni, ni Jumamosi, gavana anakuja.

Kwa fundi vilevile. Papa Idi alikifungua, akakiangalia sana, akasema, "Lakini, Mama, hii nguo..." na mimi nikamukata, "Hakuna lakini. Libaya, blauzi yenye mikono ya kusimama, na kilemba cha ngazi tatu." Papa Idi ni muntu wa adabu, akanyamaza, akashona.

Jumamosi nilitoka nyumbani nikitembea polepole ili jua linione vizuri. Kwenye tribini, jukwaa la wageni, wake wote wa wakubwa wako manjano, mustari mumoja wa miavuli, na mbele yao kiti kimoja chenye karatasi "Mama Burgumesta," nikaenda nikakaa peke yangu katika buluu na dhahabu, nikasikia nyuma yangu Mama Odile anameza mate. Dakika kumi zile, wandugu, nilikuwa malkia. Gavana akafika, fanfari ya matarumbeta ikapiga, Baba Hamisi akashika mikro akaanza "Ekselansi," uso wake una jasho, kwa sababu mbele yake soko ni tupu na wamama wote wako ng'ambo ya barabara wamekaa chini, mikono kifuani, hawapigi hata kofi moja.

Halafu nikasikia fanfari ya pili.

Ilitokea upande wa kanisa, polepole, ule mwendo wa kuondoa matanga, na mbele yake muntu amebeba picha kubwa ndani ya fremu yenye maua. Walikuwa wanamupitisha marehemu pale alipofanyia kazi, kama desturi, na nyuma ya picha watu kama arobaini, wakubwa kwa wadogo, wanaume mashati, wanawake libaya, wote, wote, buluu ya giza na kuku wa dhahabu.

Watu wa tribini wakaangalia jamaa. Wakaniangalia mimi. Wakaangalia jamaa tena. Shingo zilikuwa zinakwenda na kurudi kama wanafuata mupira. Na picha ilipokaribia nikaona ni nani anacheka ndani ya fremu, nikaelewa yote kwa mara moja: Jamaa moja. Kuku na vifaranga. Ni nani atachagua kuku na vifaranga kama si watoto wanaomulilia mama? Watasema nini? Watasema muke wa burgumesta, aliyetuma gunia, sasa amechukua nguo ya wafiwa kuja kujipamba mbele ya gavana!

Nikamuomba Mama Odile shali yake nijifunike. Akaivuta, akanong'ona, "Miavuli haikukufaa, dada, pambana na kuku wako." Basi nikainama, nikaanza kutambaa kushuka ngazi za nyuma nirudi nyumbani, kilemba cha ngazi tatu kikagonga mbao, kikawa ngazi mbili, na chini ya ngazi nikakutana na kijana wa protokoli, mwenye kupanga watu vitini, mugeni, ametoka na gavana, hajui sura ya muntu hapa Kindu.

"Mama, unapanda wapi? Jamaa ya musiba iko kule!"

"Sipandi, nashuka. Na mimi njo Mama Burgumesta."

"Na mimi njo gavana," akasema. "Twende."

Akanishika kiwiko, kwa adabu lakini kwa nguvu, akanivusha uwanja mzima mbele ya macho ya Kindu yote, na kilemba kimenifunika jicho moja, akanitia katikati ya jamaa ya Ngalula kama muntu anarudisha mbuzi kwenye zizi. Kwenye mikro Baba Hamisi alinyamaza katikati ya neno. Mudomo wake ulibaki wazi, na mikro ikawa inapiga filimbi peke yake.

Na aliyebeba picha akageuka. Alikuwa Kapinga, binti mukubwa wa Ngalula, ambaye nilimulisha uji kwa mukono wangu siku za gunia. Akaniangalia kuanzia kilemba mupaka chini. Mimi nikangoja matusi, tena nilikuwa tayari kuyapokea. "Mama mudogo," akasema, "umekuja! Nilijua utakuja!" Akanianguka kifuani na picha na maua na vyote, akalia, na mimi, niwaambie nini, nililia kilio chote nilichokuwa nadaiwa na ule mukeka, kwa sauti, makamasi yanashuka, gavana anaangalia.

Ng'ambo ya barabara wamama wakasimama. Mama Sakina, muuza samaki, ambaye sasa njo mukubwa wao, akavuka, akanyang'anya mikro kwenye mukono wa bwana yangu, akasema, "Mumeona wenyewe! Ameacha kiti cha mbele! Amevaa nguo yetu mbele ya gavana, amekuja kutembea na sisi kwa miguu! Basi na sisi tuna masikio na macho. Wamama, inukeni, tunaingia!"

Vigelegele vilivyopanda pale, hata bati mupya zililia. Karibu wanibebe, wakaniweka mbele pamoja na Kapinga, picha mikononi mwangu. Baba Hamisi anafuta machozi. Ningenyamaza tu. Nani angejua? Nilikuwa nimeshinda, bwana yangu ameshinda, soko limefunguka, na yote kwa kiburi changu. Lakini nikainamisha macho nikamuona Ngalula ndani ya fremu, anacheka kile kicheko cha tumboni, kile kile cha asubuhi nikidanganya kwamba zamu ni yangu. Nikaona hapana. Huyu nilimudanganya miaka ya vita yote, leo isiwe tena.

Nikaomba mikro.

"Wamama," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye haparlo nne, "mimi sikujua. Nguo hii niliichukua kwa sababu nilitaka nivae peke yangu. Sikujua kuwa ni ya Ngalula. Hata siku ya kuondoa matanga sikuijua. Na hapa sikuja kwa miguu yangu, nilikuwa nakimbia, huyu kijana njo amenikamata. Kosa lile la muchele ni langu, si la burgumesta. Munisamehe, ama musinisamehe, lakini musinipigie vigelegele vya uongo."

Nilisikia bomba la maji linadondoka. Baba Hamisi amefumba macho kama muntu anangoja sindano. Halafu Kapinga akaanza kucheka. Kicheko cha mama yake, wandugu, kutoka tumboni, kama amefufuka! "Mama mudogo," akasema, "uliiokota wapi hiyo nguo?"

"Kwa Papa Ramazani. Kipande cha mwisho."

"Na nani alikiacha?"

Nikageuka kumutafuta Papa Ramazani kwa macho.

"Sisi njo tulikiacha! Tulinunua vya nyumba yote, tukaacha kimoja, tukamwambia Papa: hiki ni cha Mama Zaina. Akija hapa umupe bure, umuambie na siku."

Na kutoka katikati ya watu Papa Ramazani akapaza sauti, na nyuma yake Papa Idi anatikisa kichwa, "Nilitaka kukuambia, Mama! Ukakimbia na mufuko kama mwizi!"

Jamani! Kindu yote ilianguka kucheka. Gavana alitoa leso akafuta macho, wamama walikuwa wanapigana mabega, kijana wa protokoli alitafuta shimo la kuingia (nilimwita baadaye nikamushukuru, hakuamini). Mama Sakina alipopata pumzi akasema, "Na wewe, pamoja na macho yako yote, ulidhani utavaa peke yako! Ingia sokoni." Tukaingia. Wote, mimi na picha mbele, Baba Hamisi na gavana nyuma yetu, na kabla jua halijafika katikati kila meza ya simenti ilikuwa na mwenyewe, na waliojipima kiti cha bwana yangu wakarudi nyumbani na vipimo vyao. Mimi tribini sikurudi. Nilikwenda na jamaa, nikatoa viatu, nikakaa kwenye mukeka mupaka mugongo ukauma.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na mimi nimeweka nadhiri: tangu siku ile hata leso ya pua siinunui bila kuuliza zingine ziko kwa nani.

Juzi komite ilikuja nyumbani kwa ajili ya sikukuu nyingine, Mama Odile mbele, na daftari yake, anachungulia kwa mashaka. "Mama Burgumesta, utavaa nini? Kuku wako?" Ingekuwa zamani ningemuficha. Lakini asubuhi ile ile Kapinga alikuwa amegonga mulango wangu, nguo yake aliiunguza na pasi ya makaa, pale penye kuku mukubwa kabisa, naye siku ile ile ya sikukuu alikuwa na sherehe ya wauzaji ya kwenda. Alisimama mulangoni na mikono kiunoni, kama mama yake, akaniuliza, "Mama mudogo, leo zamu ya nani?"

Nikamwambia Odile aniandikie miavuli, kwa sababu zamu ilikuwa ya Kapinga.